Dereva wa Theluji na Aproni ya Binti Yake

Saa mbili na nusu asubuhi, theluji inapiga kioo kwa ubavu na kizuizi cha barabara ya mlimani kimeshushwa. Nyuma ya kizuizi magari kumi na moja yamepanga foleni, taa zimewashwa, yanasubiri kuongozwa kwa msafara hadi upande wa pili. Mbele ya magari hayo kuna lori kubwa la kusukuma theluji. Ndani ya lori hilo dereva Halvor Tveito amevaa miwani ya kusomea, amekunja mikono ya koti lake la manjano, na anatunga uzi wa kijani kwenye sindano.

Mara ya kwanza unakosa. Mara ya pili unapita.

"Msafara wa upande ule haujashuka," anasema bila kuinua macho. "Dakika arobaini na tano. Hilo ni jani zima."

Jani analolisema ni la sufu. Linaota polepole kwenye kitani cheupe kilichobanwa ndani ya duara la mbao, na duara lenyewe limeegemezwa juu ya usukani.

Mtu anagonga mlango. Ni dereva wa lori la samaki, ndevu zimejaa theluji.

"Bwana mkubwa, tunaondoka saa ngapi?"

"Nikimaliza hili jani."

Yule dereva anapanda ngazi moja, anachungulia. Anaangalia kitani, anamwangalia Halvor, anaangalia kitani tena.

"La tatu kutoka mwisho limepinda," anasema, kisha anarudi kwenye gari lake.

Halvor analikagua jani la tatu kutoka mwisho. "Limepinda kweli," anasema, na anaanza kulifumua.

Zimebaki siku ishirini na nne kufika Kipaimara cha binti yake, Tuva. Majani yanayotakiwa kwenye pindo la aproni yake ni mia moja arobaini na manne. Yaliyokwisha ni arobaini na saba.

"Nikipiga hesabu sindano inasimama," anasema Halvor, mwenye miaka hamsini na miwili. "Kwa hiyo sipigi. Nadarizi."

Huku kwetu katika bonde la Skoredal, msichana akipata Kipaimara huvaa bunadi, yaani vazi la bonde: sketi nyeusi ya sufu, kizibao chekundu, na aproni nyeupe yenye pindo la kudariziwa. Atalivaa siku hiyo, atalivaa kila tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya taifa, atalivaa kwenye harusi za wenzake, na wapo wanaozikwa nalo. Ukiliagiza dukani linazidi kroner elfu hamsini, na foleni ni ya miaka miwili. Mshahara wa dereva haupendi mzaha huo. Lakini tuseme ukweli, shida si bei tu. Ukivaa la dukani, yupo bibi atakayekusogelea, atageuza pindo aone upande wa nyuma, halafu ataguna. Guno hilo limewaliza watu wazima na akili zao.

Sketi na kizibao cha Tuva vilikuwa tayari siku nyingi. Bibi yake, Margit, mama wa Halvor, alivishona mtoto akiwa bado anatambaa, akaacha kitambaa cha kutosha cha kutanua. Aproni aliiweka ya mwisho. Kabla hajaianza, vidole vyake vikakakamaa.

"Kikombe chenyewe nakishika kwa mikono miwili," anasema Margit, ambaye sasa ana miaka themanini na mitatu na anaishi katika nyumba ndogo upande wa pili wa uwanja wao. "Nikamwambia Halvor atafute mtu. Akatafuta, akajipata yeye mwenyewe."

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka jana, mezani, wakila viazi na vibonge vya nyama. Halvor alitangaza kwamba aproni ataidarizi yeye. Tuva alicheka hadi maziwa yakamtoka puani.

"Baba, wewe suruali ikichanika unaibana kwa stepla."

"Mara moja tu."

"Mara mbili. Mara ya pili ulikuwa umeivaa."

Hata hivyo alikwenda. Kozi ya kudarizi hufanyika kila Jumanne, saa kumi na mbili jioni, katika ukumbi wa usharika. Ada ni kroner elfu mbili na mia nne kwa msimu, kahawa imo ndani yake, na vafeli, vikate laini vya kuchomwa kwenye chuma, na jibini ya kahawia huletwa kwa zamu. Wanafunzi walikuwa wanawake tisa na Halvor. Siku ya kwanza mwalimu alimpa sindano, akaiangusha. Akainama kuitafuta, hakuiona. Akarudi kukaa, akaipata.

"Hicho kisa watakisimulia kwenye mazishi yangu," anasema.

Mwalimu wao ni Aslaug Hovland, miaka sabini na mmoja, mwanamke ambaye akikutana nawe dukani anaweza kukwambia, mbele ya mboga na watu, kwamba kifungo chako cha fedha umekiweka juu chini. Huyo hapakiwi mafuta, naye hampaki mtu.

"Mikono yake ilikuwa mizito kama makoleo," anasema Aslaug. "Lakini mtu anayepitisha lori lile ukingoni mwa korongo, haoni kitu, na hagusi nguzo hata moja, huyo ana jicho. Mikono inafundishika. Jicho unalo au huna."

Alimfundisha kutovuta uzi hadi kitani kikunje uso. Alimfundisha kwamba nyuma pawe safi kama mbele. Alimfundisha pia kwamba jani moja la Skoredal lina kijani cha aina tatu, na kwamba ukikosea mpangilio wake umeshona jani la bonde la jirani, jambo ambalo huku si dogo.

Kilichomshangaza Halvor ni kwamba alipenda. Alipenda kupita kiasi.

"Ukiwa mlimani mbele ni weupe, nyuma ni weupe. Unasukuma theluji, ukigeuka imerudi. Jani linaanza, linaisha, linabaki pale pale," anasema. "Sikujua kama mimi ni mtu wa rangi. Siku moja nikashuka nikamwambia mke wangu kwamba kuvu la kwenye mawe lina kijani cha aina tano. Akanigusa paji la uso aone kama nina homa."

Balaa lilianza na mafanikio. Katikati ya Januari hadi mwishoni mwa Machi dhoruba zilipokezana, na kila Jumanne Halvor alikuwa zamu. Alikosa vipindi tisa mfululizo. Karatasi ya mchoro aliyopewa na mwalimu ilimwagikiwa kahawa ndani ya lori, ikawa haina maana. Mtu mwingine angepiga simu kuomba nyingine. Halvor alitaka kuwashangaza wenzake. Mama yake alipokwenda kukatwa nywele, aliingia kwake kimyakimya, akafungua sanduku, akatoa aproni ya Margit mwenyewe, akaipiga picha kila upande.

Kisha akanakili kila alichokiona: majani yote mia moja arobaini na manne, na kati ya majani, matunda madogo mekundu. Mia mbili na kumi na mawili.

Mkewe, Hege, aliyaona akayasifu. Tuva akatupa jicho moja kutoka kwenye simu yake, akasema, "Baba, hii ni kali." Halvor akatembea kifua mbele wiki nzima.

Jumanne ya mwisho ya Machi alirudi darasani. Akaitandika aproni mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono.

Aslaug alivaa miwani. Akaangalia. Akageuza nyuma, akatikisa kichwa kukubali, maana nyuma palikuwa safi. Akaigeuza tena mbele. Akavua miwani.

"Halvor," akasema, "mkwe wako ni mtu wa wapi?"

"Mkwe gani?"

"Aliyemuoa Tuva."

"Tuva ana miaka kumi na minne, Mwalimu."

"Mimi najua. Aproni haijui."

Mwanamke aliyekuwa akikaanga vafeli alikuwa wa kwanza kucheka. Punde ukumbi mzima ukawa unashika mbavu, na Halvor naye akacheka nao, kwa sababu, anavyosema mwenyewe, alikuwa hajaelewa. Ndipo wakamweleza jambo ambalo kila mwanamke mzaliwa wa Skoredal analijua. Msichana huvaa majani matupu. Akiolewa huongezewa matunda. Aproni aliyoinakili ni ya mke wa mtu.

"Nimezaliwa bonde hili," anasema Halvor. "Lakini hizo aproni ziko wapi? Ziko kwenye mapaja ya wake za watu. Nilifundishwa adabu, siangalii."

Kufumua haikuwezekana. Sufu nyekundu huacha doa kwenye kitani cheupe, na sindano huacha tundu. "Ukifumua matunda mia mbili na kumi na mawili," Aslaug alimwambia, "utampeleka mtoto kanisani amevaa chujio."

Zilibaki wiki sita. Ile ya kwanza ilikuwa imemla zaidi ya miezi miwili.

Alifika nyumbani, akaiweka aproni mezani jikoni. "Nimechemsha," alimwambia Hege. Akaeleza yote. Tuva alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akapanda chumbani kwake, akafunga mlango, na hilo lilimuuma baba kuliko vicheko vyote vya ukumbini.

Hapa inabidi nimseme Hege kidogo. Anatoka visiwani, kaskazini kabisa, na ni muuguzi katika nyumba ya wazee. Ameishi Skoredal miaka kumi na tisa. Kila tarehe kumi na saba Mei wake za watu wanapotoka na bunadi zao, yeye hutembea kwenye maandamano na koti lake la bluu, zuri, limepigwa pasi. Sheria haijaandikwa popote lakini kila mtu anaifuata: aliyeolewa kutoka nje havai vazi la bonde mpaka mtu wa nyumba ile amshonee kwa mkono wake. Hanunui, na haombi. Margit angemshonea, ila nguvu zake za mwisho aliziweka kwa mjukuu, na Hege mwenyewe ndiye aliyemwambia afanye hivyo.

"Nilizoea," ananiambia Hege. Kisha anatikisa kichwa. "Hapana, niseme ukweli. Sikuzoea. Niliacha tu kulizungumzia."

Kesho yake Halvor alivuka uwanja kwenda kukiri kwa mama yake, na wizi wa sandukuni ukiwemo. Hege na Tuva waliongozana naye. Margit hakugomba. Aliichukua aproni mapajani, akapitisha vidole vyake vilivyokakamaa juu ya matunda, moja baada ya jingine, pindo zima, hadi kahawa ya watu wote ikapoa.

"Hii ni aproni ya mke," alisema. "Mimi yangu ninayo. Nyumba hii ina mke mwingine mmoja tu."

Akaisukuma mezani hadi mbele ya Hege.

Hege akalia. Halvor akalia. Margit akawaambia wakalilie mbali, wasije wakakilowesha kitani.

Tuva peke yake ndiye hakulia. "Hongera, Mama," alisema. "Tena hongera sana. Sasa mimi navaa nini?"

Lilikuwa swali la haki. Zikatajwa njia: kukodi mjini, kuazima kwa binamu wa shamba la juu. Tuva hakutaka kusikia. Hakuwa na kiburi, tusimsingizie. Alijua tu kwamba aproni ya kuazima ingetambuliwa ni ya nani kabla hajafika mlango wa kanisa. Bibi amemshonea sketi, bibi amemshonea kizibao, na baba ameahidi aproni mbele ya viazi.

"Ya kwetu, au nakwenda na suruali," alisema. Halafu akamgeukia baba yake. "Jumanne nitakwenda na wewe. Nifundishe."

Jumanne ilipofika, Aslaug alikataa. Aproni moja hudariziwa na mkono mmoja, alisema, kwa kuwa mkono wa mtu ni kama mwandiko wake, na watu wawili hawaandiki sawa. Akatazama kalenda iliyotundikwa karibu na jiko. Akamtazama Tuva, aliyekuwa ameshatoa kastabini ya bibi yake mfukoni na kuivaa kidoleni.

"Baba kushoto, mtoto kulia," akasema mwalimu. "Mtakutana katikati. Na Mungu awasaidie."

Ndiyo maana asubuhi hii ya Aprili aproni iko mlimani. Mchana ni ya Halvor, anaidarizi kila kizuizi kinaposhushwa. Tuva akitoka shule inakuwa yake. Jioni, kabla ya kulala, wanaishikilia wote wawili, kila mtu na upande wake, na hapo ndipo kelele zinapoanza.

"Baba, majani yako yamelala."

"Yamepumzika. Yako yamesimama kama yanaimba wimbo wa taifa."

"Yamenyooka. Ndivyo jani linavyotakiwa kuwa."

"Umeliona wapi jani lililonyooka hivyo? Wewe toka nje kwanza."

Hege husikiliza akiwa anaosha vyombo. "Tangu afikishe miaka kumi na mitatu alikuwa anamjibu baba yake kwa mabega," anasema. "Sasa wanagombana kila siku. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi."

Si kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda kama maji. Wiki moja kulikuwa na jua mfululizo, mlima ukawa wazi, magari yakapita yenyewe, na Halvor akamaliza majani mawili tu. Alikuwa akisikiliza utabiri wa hali ya hewa na kusonya. Tuva naye alidarizi majani matano ya kijani kibaya akiwa na usingizi, akayafumua yote akilia kwa hasira, akaanza upya. Zikiwa zimebaki siku kumi, majani yaliyobaki yalikuwa arobaini na moja. Margit alihamishia kiti chake jikoni kwao. Hakuweza kushika sindano, lakini aliweza kuchagua nyuzi, na alizipanga kwa rangi juu ya goti lake, akimpa kila mtu wake kabla hajaomba.

Walikutana siku ya Alhamisi alasiri, siku tatu kabla ya Kipaimara. Yaani sindano mbili zilikutana. Palikuwa pamebaki jani moja, na nafasi ya jani moja kasorobo.

Wakapima. Wakapima tena kwa rula ya shule. Halvor akapendekeza afumue matatu ya kwake ayasogeze. Tuva akakataa, akasema hakuna muda huo. Wakalidarizi hivyo hivyo, jembamba, nusu baba, nusu binti, upande mmoja umelala na mwingine umesimama.

Ijumaa Aslaug alikuja kukagua bila kualikwa. Alikwenda moja kwa moja katikati, kana kwamba mtu amempigia simu. Aliliinamia jani lile muda mrefu.

"Tunajua, Mwalimu," alisema Halvor. "Tulifumue?"

"Ukiligusa," alisema Aslaug, "usinijie tena darasani."

Jumapili ya pili ya Mei kengele zililia saa tano. Wasichana walikuwa sita. Tuva aliingia wa nne, sketi ya bibi yake imetanuliwa hadi uzi wa mwisho, aproni nyeupe mbele. Hege alivaa sketi yake nyeusi ya kawaida na juu yake aproni ya matunda mekundu. Mlangoni wanawake walimtazama chini, wakamtazama usoni, na mmoja baada ya mwingine wakampa mkono. Wengine walikuwa wamemwona kila siku kwa miaka kumi na tisa.

"Mchungaji alihubiri," anasema Halvor. "Usiniulize alihubiri nini."

Kwenye chakula, baada ya nyama na kabla ya keki, aliyepata Kipaimara husimama kushukuru. Tuva alisimama na karatasi mkononi, akaikunja, akaiweka.

"Majani sabini na matano ni ya Baba," alisema. "Sitini na manane ni yangu. Alinishinda kwa sababu yeye ana dhoruba na mimi nina hesabu na Kijerumani. Lile la katikati tuligawana, na ni baya kuliko yote. Naomba wote mje mlione, kwa sababu ndilo ninalolipenda."

Watu wakainuka, wakapanga foleni kweli. Ikawa zamu ya baba kutoa hotuba, kama ilivyo desturi. Halvor alisimama, akafungua mdomo, akafunga, akakaa. Wakampigia makofi kuliko waliosema.

Sasa ni mwezi wa Juni na mlima umefunguka. Kwenye orodha ya kozi ya Septemba, iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi wa usharika, jina la Halvor ni la kwanza na la Tuva ni la pili, kwa mwandiko ulionyooka. Kazi inayofuata ni sketi na kizibao cha Hege. Aslaug anasema ni kazi ya majira matatu ya baridi. Halvor anaamini mlima ukifungwa vizuri ni mawili, na ndiye mtu pekee Skoredal anayeiombea nchi hali mbaya ya hewa, isipokuwa Jumanne jioni.

Nilimuuliza haraka ya nini, na aproni mke wake anayo tayari. Akajikuna shingo.

"Siku ile kanisani nilimwangalia. Amesimama na watu, anacheka, lakini mikono yote miwili ameiweka mbele ya aproni, ameifunika, kama mtu aliyevaa cha kuazima anaogopa ataulizwa," alisema. "Nitamshonea sketi, nitamshonea kizibao, na nikimaliza nitatafuta kingine. Nataka nimshonee mpaka hiyo mikono aishushe."